Moshi wa miwa, mawingu, na ule ubishi wa "choma mvua ije"

Kila mwaka kiangazi kikishakolea na watu wamechoka na vumbi, lazima kwenye grupu la familia aibuke mjomba na kauli yake ile ile, kwamba mvua imechelewa kwa sababu siku hizi watu hawachomi mashamba, zamani tukichoma moshi unapanda, unakuwa wingu, linashuka mvua, kwisha habari. Na kila mwaka lazima dada yetu aliyesomea mazingira amjibu kwa maandishi marefu kwamba moshi ndio unaofukuza mvua wenyewe. Wanabishana weee mpaka shangazi anatuma sala ya jioni kuwatenganisha. Mimi huwa nasoma tu nacheka, ila safari hii nimeona niandike, maana kila mmoja ana kipande cha ukweli, mjomba kashika cha mwanzo dada kashika cha mwisho, na utamu wote uko pale katikati ambapo hakuna anayepagusa.

Tuanze na mjomba maana ndiye mkubwa. Moshi unakuwa wingu? Wenyewe hapana, wingu ni maji. Lakini bila vitu vidogo vidogo kama vya moshi hakuna wingu, na hilo halina mjadala. Mvuke ukiwa kwenye hewa safi kabisa isiyo na chembe yoyote ni mbishi ajabu, haukubali kugeuka tone hata ukiupoza. Sababu ni kwamba kitone kidogo sana cha maji matupu hakikai, kimejipinda mno, molekuli zake zinachomoka kurudi kuwa mvuke haraka kuliko zinavyoingia, yaani kinakufa kabla hakijakua. Ili kisimame chenyewe inabidi hewa iwe imebeba mvuke mara 4 au zaidi ya kile kiwango chake cha kushiba, na hewa ya namna hiyo huko juu hakuna. Kwenye mawingu ya kweli ziada juu ya kushiba mara nyingi haifiki hata asilimia 1. Sasa mawingu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye chembe. Chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari, vumbi, salfa ya viwandani na ya volkano, vitu vinavyotoka kwenye majani na miti, na moshi wa kila aina. Mvuke ukikuta chembe unapata pa kukalia, ile safari ngumu ya kuanza kutoka sifuri unairuka, na chembe ikiwa ya kitu kinachoyeyuka kama chumvi ndio kabisa, inayavuta maji yenyewe na kuyashikilia yasichomoke.

Hili unaweza kuliona nyumbani leo leo. Chukua chupa ya maji ya plastiki, ile laini ya lita moja na nusu, weka maji ya uvuguvugu chini kama vidole viwili, funga, tikisa, halafu ibinye kwa nguvu sekunde kadhaa uachie ghafla. Hamna cha maana, labda ukungu hafifu wa kutafuta kwa tochi. Sasa washa njiti ya kiberiti, izime, na ile inapotoa kauzi ka moshi isogeze kwenye mdomo wa chupa, binya chupa kidogo uachie ili ivute moshi ndani, funga haraka. Ndani huoni moshi wowote wa kusema, chupa inaonekana iko wazi kabisa. Binya tena kwa nguvu, hesabu mpaka tano, achia. Aisee. Chupa nzima inakuwa nyeupe, wingu kamili mkononi mwako, ukiibinya linapotea ukiachia linarudi. Maji ni yale yale na nguvu ya mkono ni ile ile, kilichoongezeka ni kauzi kale ka moshi tu. Ukibinya hewa ya ndani inapata joto, ukiachia inatanuka na kupoa, ndicho kinachoipata hewa inapopanda mlimani au inaponyanyuliwa na jua la saa nane mchana. Wenye watoto wafanyieni hii, ila njiti mshike nyie.

Mambo haya yana umri. Mfaransa Coulier aliyaona mwaka 1875, na mwaka 1880 Mskochi John Aitken akayaona kivyake bila kujua kama mwenzake ameshatangulia, alipitisha hewa kwenye pamba kuichuja halafu akaingiza mvuke, chombo cha hewa iliyochujwa kikabaki wazi bila ukungu na chombo cha hewa ya kawaida kikajaa ukungu. Baadaye akatengeneza na mashine ya kuhesabu hizo chembe. Mskochi mwingine, C.T.R. Wilson, alikaa kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894, akavutiwa na mawingu ya pale, akarudi maabara kutengeneza mawingu ndani ya chombo, mwisho wa siku kile chombo kikawa cha kuonea njia za chembe za atomu na kikampa Nobel ya fizikia mwaka 1927. Alianza na mawingu tu yule jamaa.

Haya, kwa hiyo mjomba ana pointi? Nusu. Na hapa ndipo inabidi tuongee miwa.

Mimi nimekulia kwenye miwa. Mtu wa Kilombero, Mtibwa au Kagera haniulizi ninachosema, shamba likifika wakati wa kukatwa linachomwa kwanza ili majani makavu yaishe, nyoka wakimbie na wakataji wapate pa kupita. Moto wa miwa hauungui polepole, unanguruma, unapanda juu kuliko nyumba na dakika chache umeshakwisha, halafu majivu meusi marefu marefu yanaanza kushuka kama manyoya, yanatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maji ya ndoo, kwenye uji. Mama zetu walikuwa wanajua saa ya kuanua kwa kuangalia tu moshi umeelekea wapi. Sasa sikiliza, majivu yale unayoyaona siyo yanayohusika na mawingu. Yale ni makubwa, yanapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Kinachobaki hewani siku kadhaa na kusafiri mbali ni usichokiona, chembe za kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara mamia. Moshi wa majani unazo kwa wingi wa kutisha, na siyo masizi matupu, kuna chumvi za potasiamu na mabaki mengine ya mmea ambayo yanapenda maji. Masizi yakiwa mapya na peke yake, kama yale ya injini ya dizeli, kwa kweli hayajui kushika maji mpaka yapakwe vitu vingine njiani.

Sasa huko Australia, jimbo la Queensland, nako ni miwa mitupu, na walikuwa wanachoma vile vile. Miaka ya 1960 watafiti wawili, Warner na Twomey, wakaamua kurusha ndege kuchukua vipimo kwenye mawingu yanayokaa juu ya moshi ule na mawingu ya upande ambao moshi haujafika. Matokeo wakayachapisha mwaka 1967. Mawingu ya kwenye moshi yalikuwa na matone mengi zaidi, na kila tone lilikuwa dogo zaidi. Ndio hicho tu. Lakini hicho tu ndicho kimebeba mada yote hii, watu wanaandikia tasnifu mpaka leo.

Fikiria umepika sufuria ya wali ya watu wanane halafu mlangoni wakatokea watu sitini na nne. Wali haujaongezeka, waliokula wameongezeka, na hakuna aliyeshiba. Maji yaliyomo kwenye hewa inayopanda yanaamuliwa na joto na unyevu, moshi hauleti maji. Unaleta walaji. Juu ya bahari safi iliyo mbali na watu wingu linaweza kuwa na matone chini ya mia moja kwenye kila sentimita moja ya ujazo, ukija kwenye hewa chafu unakuta mamia, wakati mwingine elfu na ushee, maji kiasi kile kile.

Na ukishagawa hivyo yanatokea mambo mawili. La kwanza ni weupe. Gawanya maji yale yale kwa matone mara nane zaidi, kila tone linakuwa nusu ya upana wake wa mwanzo, lakini ukijumlisha ngozi za matone yote unakuta eneo limekuwa mara mbili. Mwanga wa jua unagonga kwenye hizo ngozi, kwa hiyo wingu lenye moshi wa kiasi linakuwa jeupe zaidi na linarudisha jua zaidi angani. Huyu huyu Twomey ndiye aliyekaa chini mwaka 1974 akaandika kwamba kama ni hivyo basi uchafu wa binadamu unabadilisha kiasi cha jua ambacho sayari nzima inakirudisha. Kwa kweli inashangaza kidogo kwamba hoja kubwa namna hii kuhusu dunia ilipitia kwenye shamba la miwa linalowaka.

Jambo la pili ni mvua, na hapa dada anapata alama zake. Tone la wingu ni kitu kidogo kama sehemu ya hamsini ya milimita, linashuka sentimita moja hivi kwa sekunde, upepo mdogo tu unaopanda unalirudisha juu. Tone la mvua la milimita 2 lina maji ya matone ya wingu kama milioni moja. Milioni! Kwa hiyo swali la mvua siyo wingu lipo au halipo, swali ni matone milioni yataunganaje kabla wingu halijakauka. Kwenye mawingu ya joto ambayo hayafiki kwenye barafu njia ni kugongana, tone kubwa linashuka haraka linayapitia madogo na kuyameza, linakua, linashuka haraka zaidi. Ila lazima wawepo wakubwa wa kuanzisha. Matone yakiwa madogo na yanalingana yote yanatembea mwendo mmoja, hayagongani, na hata yakikaribiana yale madogo yanapeperushwa pembeni na hewa yanapita. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpaka matone ya juu ya wingu yafikie nusu-upana wa mikromita kama 14 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ndipo mvua inaanza kushuka kweli kweli. Chini ya hapo unabaki na wingu zuri, nene, jeupe, linapita zake juu ya mahindi yako.

Daniel Rosenfeld, mtafiti wa Israeli, alilionesha hilo kwa setilaiti mwaka 1999 akitumia mioto ya misitu ya Borneo, mawingu yaliyovuta moshi yalikuwa hayatoi mvua ya joto na majirani zake yasiyo na moshi yalikuwa yanatoa. Halafu Amazon mwaka 2004 wengine wakaonesha upande mwingine kabisa, kwamba moshi mzito wenye masizi unakunywa jua huko juu, ardhi inabaki baridi kidogo, hewa inakosa nguvu ya kupanda, na vile viwingu vya mchana vya kawaida havitokei hata kidogo. Kwa hiyo moshi kidogo unaongeza matone ya wingu, moshi mwingi unaweza kulimaliza wingu lenyewe. Dada hapo nampa mkono.

Lakini asifurahi sana. Warner yule yule wa miwa mwaka 1968 alichukua rekodi za mvua za miaka mingi za maeneo yanayopokea moshi wa miwa akaona mvua ya msimu wa kuvuna imepungua. Kila mtu akafurahi, hadithi imekamilika, moshi, matone madogo, mvua imepotea. Mwaka 1971 akalirudia suala lile, na ushahidi wa kuthibitisha hakuupata. Namheshimu sana huyu mzee kwa hilo, maana angeweza kunyamaza akala sifa zake. Shida ni kwamba kile kinachotokea ndani ya wingu moja unakiona kwa ndege, lakini mvua ya chini kwenye kipimo cha shule inabadilika mwaka hadi mwaka kwa sababu mia moja, bahari imepata joto, upepo umegeuka, na huna mbingu ya pili isiyo na moshi ya kulinganishia.

Halafu tone lililochelewa kunyesha siyo lazima lipotee. Kwenye mawingu yetu haya ya tropiki yanayopanda kilomita 10 na kuendelea, maji ambayo hayakushuka mapema yanapelekwa juu kwenye baridi yanaganda, na kuganda kunatoa joto, baadhi ya wanasayansi wanasema hilo linaipa dhoruba nguvu zaidi, wengine wanabisha, na ubishi wao haujaisha. Kinachonivutia mimi ni radi. Kuna njia kuu ya meli inayotoka chini ya Sri Lanka kwenda mlango wa bahari wa Malacca, na mwaka 2017 watafiti walionesha kwamba juu ya mstari ule, ambako meli zinatoa moshi wenye salfa, radi zinapiga karibu mara mbili ya pembeni yake, yaani ukichora ramani ya radi unaiona njia ya meli. Tarehe 1 Januari 2020 sheria ya kimataifa ikashusha kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 mpaka 0.5, na baada ya hapo zile radi za ziada zikapungua sana. Hilo kidogo ni jaribio ambalo Warner hakulipata, hewa ile ile na bahari ile ile, chembe zimepunguzwa ghafla kwa karatasi ya sheria.

Mjomba akisoma hapa atasema si unaona, moshi una nguvu. Ndiyo mjomba, una nguvu, ila hauleti maji. Mnachoma mwisho wa kiangazi kwa sababu mvua inakaribia, halafu mvua ikija mnaupa moshi sifa. Mvua ya vuli inaletwa na jua kuhama na pepo kubadilika na bahari ya Hindi inavyojisikia mwaka huo, siyo na ekari tatu za nyasi za nyuma ya nyumba.

Kuna chembe zinazosaidia mvua lakini, na ni zile kubwa. Chembe kubwa ya chumvi ya bahari inatengeneza tone kubwa tangu mwanzo, ndiye yule mkubwa wa kuanzisha kugongana niliyemsema. Hiyo ndiyo akili wanayotumia kule Emirati kwenye upandaji wa mvua, ndege inafyatua chumvi chini ya wingu ambalo tayari lipo. Ndugu zetu walioko Dubai walitutumia video nyingi Aprili 2024 magari yanaelea, na kila mtu akasema ni hiyo ndege. Jamani, uwanja wa ndege wa Dubai ulipata zaidi ya milimita 140, na dhoruba ile ilikuwa imeshaipiga Omani kabla, watu wakafa wakiwemo watoto wa shule. Chumvi ya kilo kadhaa haiwezi kuitisha maji ya nchi mbili. Inaweza kukamua kidogo zaidi kwenye wingu linalokuja lenyewe, na hata hiyo kidogo kuipima ni kazi, kwa sababu ile ile iliyomshinda Warner.

Wasomaji wa Lubumbashi na Kolwezi nyie ndio mna mfano mkubwa kuliko wote na sijui kama mnaambiwa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba moto wa nyika za kusini mwa Congo, Angola na Zambia unatoa moshi ambao unaenda magharibi, unaingia juu ya bahari ya Atlantiki na kutambaa juu ya tabaka kubwa la mawingu ya chini yanayokaa mbele ya pwani ya Namibia na Angola. Unaonekana kwa setilaiti kama shuka la kahawia juu ya shuka jeupe. NASA, shirika la anga la Marekani, walituma ndege huko miaka mitatu mfululizo, 2016 mpaka 2018, mwaka wa kwanza wakikaa Walvis Bay, Namibia, na iliyofuata kisiwa cha São Tomé. Moshi ukikaa juu bila kugusa mawingu unakunywa jua na kupasha hewa, ukishuka ukaingia ndani yake unaongeza matone na kuyafanya yang'ae, kwa hiyo moshi mmoja unaweza kupasha au kupoza kulingana na kama umekaa mita mia kadhaa juu au chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini makisio ya joto la dunia yana mpaka mpana hivi, hawa watu siyo wazembe, swali lenyewe ni gumu.

Maana kwa jumla hesabu inasema uchafu wetu umekuwa ukificha sehemu ya joto ambalo gesi zetu zimeleta, karibu nusu digrii hivi. Tukisafisha hewa, na lazima tusafishe kwa sababu inaua watu mamilioni kila mwaka, lile lililofichwa linajitokeza. Kwa hiyo siku hizi wamejitokeza watu wanasema basi turushe chumvi safi kwenye mawingu ya bahari kwa makusudi, tupate weupe bila salfa. Queensland tena, Machi 2020, walipandisha mashine kwenye chombo wakarusha maji ya bahari hewani karibu na matumbawe ya Great Barrier Reef, jaribio dogo. Mwaka 2024 huko Alameda, California, wengine walianza kupulizia chumvi kwenye sitaha ya meli ya zamani ya kivita, wakuu wa mji wakaja kugundua kwa kuchelewa na madiwani wakapiga kura kuzuia. Mimi kwenye hili nipo na madiwani. Siyo kwamba chumvi ni sumu, mtu wa pwani anaivuta kila siku. Ila mtu akitaka kugusa wingu linalopita juu ya watu wengine aanze kwa kubisha hodi, na kabla ya hapo atuoneshe anapimaje mvua ya upande wa pili, pale upepo unapoelekea.